Kuandaa onyesho la densi ya kisasa na warsha za mtaani Mombasa: mwongozo kamili wa wiki nane

Maonyesho mengi ya densi ya kisasa (contemporary dance) Mombasa hukosa watu kwa sababu wenyeji huanza kuyasikia siku bango linapobandikwa. Wachezaji wamefanya mazoezi miezi mitatu, ukumbi umelipiwa, taa zinawaka, na waliokaa vitini ni wachezaji wenzao na marafiki wachache. Dawa yake ni kupanga kinyume na ilivyozoeleka: warsha za mtaani zitangulie, onyesho lifuate, na walioshiriki warsha wawe na sehemu yao jukwaani. Mama akijua mwanawe atapanda jukwaani dakika nane, atakuja yeye, dada zake na jirani.

Mpango ufuatao ni wa wiki nane, zinazohesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya onyesho, kwa kundi la wachezaji sita hadi kumi, onyesho la dakika 45 hadi 50, na warsha sita katika mitaa mitatu.

Wiki ya nane: tazama mwezi, upepo na ratiba ya shule

Anza na kalenda ya Kiislamu. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyofaa mwaka jana huenda isifae mwaka huu. Ndani ya mwezi mtukufu usiweke warsha wala onyesho, na juma la Idi waachie watu na familia zao. Ijumaa mchana usipange lolote kabla ya saa tisa.

Kisha hali ya hewa. Masika huanza Machi mwishoni au Aprili na hufika kilele Mei. Onyesho la nje miezi hiyo ni kucheza bahati nasibu. Vuli ya Oktoba na Novemba ni nyepesi, lakini mvua yake huja ghafla, na Novemba ndio mwezi wa mitihani. Julai hadi Septemba kuna kusi: hewa ya baridi kidogo, miili haichoki upesi, ila upepo ni mkali ufukweni. Desemba hadi Machi ni kaskazi, joto na unyevu. Mazoezi ya mchana ndani ya ukumbi wa mabati huwaangusha watu. Kwa onyesho la nje, Agosti na Septemba ndiyo miezi tunayoipendekeza.

Sasa saa. Magharibi Mombasa huingia kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, kutegemea mwezi, na Isha hufuata baada ya zaidi ya saa moja kidogo. Kuna nafasi mbili tu zinazofaa. Ya kwanza ni alasiri: anza saa kumi na moja kasorobo, malizeni saa kumi na mbili kasorobo, watu wawahi Magharibi. Ya pili ni saa mbili usiku, baada ya Isha. Kanuni za kelele za mwaka 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja, na viwango vya sauti hushuka kuanzia hapo, kwa hiyo onyesho la usiku liwe ndani ya ukumbi, na la mtaani liwe la alasiri. Ukianza saa kumi na mbili na nusu, utakuwa umewafukuza nusu ya watazamaji kabla hawajaketi.

Wiki ya saba: chagua mahali

Ukumbi wa Little Theatre Club ni jukwaa la maigizo lenye viti vya kudumu. Unafaa kwa onyesho la usiku lenye taa. Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa, ina desturi ya kupokea kazi za sanaa na watazamaji wake wameshaizoea densi ya kisasa. Ukumbi wa kijamii wa Tononoka uko karibu na mitaa, watu hawauogopi, ila sakafu yake ni ngumu. Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, baada ya matengenezo yaliyokamilika 2019, ina ngazi za kukalia zinazotazama bahari. Ni pazuri alasiri, ingawa upepo wa kusi hupeperusha sauti na kuangusha milingoti isiyofungwa. Uwanja wa ndani wa Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, uko chini ya Makumbusho ya Taifa. Hapo usitoboe, usigongelee wala usifunge kamba kwenye kuta za mawe ya matumbawe. Kila kitu kisimame chenyewe juu ya uzito wake.

Ukienda kukagua, chukua utepe wa kupimia na uvue viatu. Unahitaji nafasi ya kuchezea isiyopungua mita 10 kwa 7.5, na urefu wa mita 3.5 kutoka sakafuni hadi kwenye feni, kwa sababu kuna watakaonyanyuliwa. Kanyaga sakafu yote kwa nyayo. Tafuta nyufa, misumari na sehemu zenye majimaji. Kisha keti mahali watazamaji wa nyuma watakapokaa na uangalie kama utaiona miguu ya aliyesimama jukwaani. Densi ya kisasa hufanyika sana chini, na mtazamaji asiyeona sakafu ameikosa nusu ya kazi. Mpango mzuri ni safu mbili za mikeka mbele, safu moja ya mabenchi, kisha viti.

Wiki ya sita: sakafu

Hapa ndipo fedha zinapaswa kwenda kwanza. Kuruka juu ya saruji kila siku huumiza muundi, magoti na mgongo, na maumivu hayo hayaonekani siku ya onyesho. Huonekana wiki mbili baadaye mchezaji anaposhindwa kupanda ngazi. Mkeka wa plastiki uliotandikwa juu ya saruji hausaidii chochote, kwani kilicho chini bado ni saruji.

Sakafu yenye kunepa inaweza kujengwa na fundi mmoja na wasaidizi watatu kwa siku moja. Vipimo vyake ni hivi:

- Plaiwudi ya milimita 12, futi 8 kwa 4: mbao 48, yaani matabaka mawili ya mbao 24. Hutoa jukwaa la mita 9.76 kwa 7.32.
- Sponji ngumu ya makochi yenye unene wa inchi moja, iliyokatwa vipande vya sentimita 5 kwa 5: vipande 880. Shiti moja ya futi 6 kwa 4 hutoa 864 ukikata bila kupoteza, kwa hiyo nunua mbili.
- Skrubu za robo tatu ya inchi: kama 1,000.
- Nailoni ya ujenzi ya kutandika chini kuzuia unyevu.

Fagia, tandika nailoni. Gundisha vipande 32 vya sponji chini ya kila ubao wa tabaka la kwanza, mistari 4 kwa 8, takriban sentimita 30 kutoka kipande hadi kipande. Ongeza mstari mmoja kuzunguka ukingo wote wa jukwaa, maana ukingo usio na sponji hubonyea na kumtegua mtu kifundo. Panga mbao nne kwa urefu na sita kwa upana, ukiacha mwanya wa milimita 2 kati yake. Plaiwudi ya Mombasa hunywa unyevu wa bahari na kuvimba. Bila mwanya, mbao zitasukumana na kuinuka katikati kama mgongo wa ngamia.

Tabaka la pili huelekea upande uleule, lakini lisogezwe nusu ubao kwa urefu na nusu kwa upana ili maungio ya juu yasikutane kamwe na ya chini. Mafundi wengi hukosea hapa: hupanga tabaka la juu sawasawa na la chini, kisha sakafu hulia na kufunguka kwenye mistari ileile. Katika mbao 24 za juu, 15 hubaki nzima, 5 hukatwa katikati kwa kukingama, 3 hupasuliwa kwa urefu, na 1 hukatwa vipande vinne vya pembeni. Hakuna kinachobaki. Funga skrubu kila sentimita 30, vichwa vizame ndani ya ubao. Usitumie misumari, hutambaa juu yenyewe kadiri watu wanavyoruka. Usitumie skrubu ndefu zaidi pia: matabaka mawili yana milimita 24, skrubu ina 19, na ncha yake haifiki chini.

Kila ubao una uzito wa karibu kilo 20, jumla yake inakaribia tani moja. Ukipeleka Mji wa Kale, lori halipiti vichochoroni. Mkokoteni mmoja hubeba mbao 12 kwa safari, safari nne zinatosha.

Juu yake tandaza mkeka wa vinyl wa rangi moja, usiong'aa, na ubandike maungio kwa tepu ya vinyl. Ujaribu kabla ya kununua: lowesha kiganja, kisukume juu yake. Kikiteleza, mguu wenye jasho utateleza vilevile. Mkeka uliokwisha nunuliwa na ukawa telezi hupigwa deki kwa soda ya kola iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa nne, kisha huachwa ukauke. Sukari huupa mguu mshiko. Upige deki kwa maji matupu onyesho likiisha, la sivyo asubuhi utakuta sisimizi wamehamia.

Wiki ya tano: barua

Ziandike zote siku moja. Ya mwenye ukumbi, ya idara ya utamaduni ya kaunti, ya kibali cha sauti, na ya kumwarifu mkuu wa kituo cha polisi cha eneo. Peleka nakala mbili kila mahali na ubaki na moja iliyogongwa muhuri, kwani siku ya onyesho atakuja askari ambaye hakuwepo barua ilipopokelewa. Muziki uliorekodiwa na wengine unahitaji leseni ya shirika la mirabaha lililoidhinishwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Mpiga zumari au ngoma aliye jukwaani, akipiga tungo zake, hukuondolea sehemu kubwa ya shughuli hiyo na sauti yake ni bora.

Makubaliano na wachezaji yawe kwa maandishi, na mazoezi yalipwe pamoja na onyesho. Toa nusu mwanzoni.

Wiki ya nne hadi ya pili: warsha

Chagua mitaa mitatu yenye hali tofauti, kwa mfano Likoni, Kisauni na Mji wa Kale, warsha mbili kila mmoja. Kabla ya kutangaza, nenda kwa mzee wa mtaa, kwa imamu au mchungaji, na kwa mwenyekiti wa chama cha kina mama. Usimtume kijana peke yake. Mmoja wa wakubwa wa kundi aende, aketi, anywe kahawa. Maneno yawe mepesi: "Shikamoo mama. Tunataka kufundisha watoto na kina mama mchezo wa mwili, hapa mtaani, bila malipo. Tumekuja kusikia saa gani zinawafaa na kipi hakifai." Jibu la swali hilo la mwisho liandike, ulifuate.

Watoto wengi huwa madrasa baada ya shule na asubuhi za Jumamosi na Jumapili. Waratibu wageni hupanga warsha Jumamosi saa tatu asubuhi, wakapata watoto wanne, kisha wakasema mtaa hauna hamu. Uliza madrasa inafungwa saa ngapi, upange baada ya hapo. Jumamosi au Jumapili, saa kumi hadi kumi na mbili kasoro dakika kumi hufaa karibu mitaa yote. Kina mama wapewe kipindi chao: mwalimu mwanamke, milango imefungwa, simu zote ndani ya kikapu mlangoni. Hijabu ifungwe kwa fundo au iwe ya kuvaa, bila pini, kwa kuwa pini hufunguka mtu anapobingirika sakafuni. Suruali pana chini ya dera inatosha.

Hesabu mita 4 za mraba kwa kila mtu. Ukumbi wa mita 10 kwa 12 unachukua 30, lakini pokea 25. Walimu wawili kwa watu wazima 25, na mmoja kwa kila watoto kumi, pamoja na mzazi mmoja wa mtaa aliyeketi ndani muda wote. Kila mtoto aje na idhini ya mzazi kwa maandishi, na idhini ya kupigwa picha iwe karatasi tofauti; mzazi anaweza kukubali la kwanza na kukataa la pili. Maji: nusu lita kwa mtu kwa saa, yaani lita 25 kwa warsha moja, beba mitungi miwili ya lita 20. Atakayezidiwa na joto akae kivulini na anywe lita moja ya maji yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Mpangilio wa dakika 110 ambao haujatuangusha ni huu. Dakika 10 za kutembea tu, kubadili mwendo, kusimama ghafla pamoja. Dakika 20 za kupasha mwili moto, kuanzia vifundo kwenda juu. Dakika 20 za sakafuni: kuketi, kulala, kubingirika, kuinuka bila kutumia mikono. Dakika 30 za kitu cha kwao. Dakika 20 kila kundi la watu watano litunge kipande chake. Kumi za mwisho, wanaonyeshana.

Hizo dakika 30 ndizo moyo wa warsha, na hapa twende polepole. Mombasa ina hazina: chakacha na lelemama za Waswahili, kirumbizi na fimbo zake, sengenya ya Wadigo na Waduruma, mwanzele wa Wagiriama. Chukua chakacha kama mfano. Watu hudhani inaanzia kiunoni, kumbe inaanzia gotini: magoti yamelegea, uzito unahama kutoka unyayo hadi unyayo, nyonga inachora duara, na kifua kimetulia kabisa kana kwamba aliye juu hajui kinachoendelea chini. Mama wa mtaa aifundishe yeye, leso imefungwa kiunoni, dakika kumi. Kisha mwalimu aulize: duara lile likihamia begani litakuwaje? Kwenye kiwiko? Mtu akiwa amelala chali? Likichorwa polepole mara nne? Hapo mshiriki anaielewa densi ya kisasa bila kuhutubiwa, kwa kuwa ameona mwendo anaoujua tangu arusini ukigeuka kitu kipya mikononi mwake. Ndivyo sanaa hii ilivyokua Kenya pia: mchezaji densi Opiyo Okach na wenzake walipoanzisha kundi la Gàara jijini Nairobi katika miaka ya 1990, hawakutupa miili waliyokulia nayo.

Mama huyo alipwe kama mwalimu, na jina lake liandikwe kwenye programu ya onyesho. Ngoma za pepo ziacheni. Zina wenyewe na kazi yake, na kuzipandisha jukwaani kwa sababu mdundo wake unavutia ni kuwakosea heshima.

Katika washiriki wote chagua 12 hadi 15 waliohudhuria vipindi vyote viwili, watengeneze kipande cha dakika nane cha kufungulia onyesho. Usichague kwa ustadi. Chagua kwa kuhudhuria. Wape mazoezi matatu pamoja na wachezaji, na nauli za matatu ziwe mkononi kabla ya mazoezi.

Wiki ya mwisho: taa, sauti, umeme

Densi humulikwa kutoka ubavuni. Taa za mbele huubandika mwili kama picha ukutani. Taa za ubavuni huuchonga. Simamisha milingoti minne, miwili kila upande, yenye taa tatu kila mmoja: ya sentimita 30 kutoka chini, ya mita 1.2 na ya mita 2. Ile ya chini huwaangaza wanaoruka huku sakafu ikibaki giza. Kila mlingoti ufungwe magunia mawili ya mchanga, na miguu yake ibandikwe tepu nyeupe ili mchezaji anayetoka mbio asijigonge.

Taa 12 za LED za wati 150 ni wati 1,800. Mfumo wa sauti wa wastani uhesabu wati 2,000. Jenereta ya kVA 5 hutoa kama wati 4,000 tu, kwa hiyo itajikaza na kuzima spika zikipiga besi. Kodisha ya kVA 7.5 au zaidi, hata kama ukumbi una stima, maana stima hupotea. Iweke mita 30 mbali, upande upepo unakokwenda: wakati wa kusi upepo hutoka kusini mashariki, wakati wa kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Waya wa sauti na wa taa ziwe laini mbili tofauti, la sivyo spika zitavuma.

Matangazo kwenye redio za Pwani yafanyike siku nne za mwisho, na aongee mshiriki wa warsha. Sauti ya mama wa Likoni akieleza alichojifunza huleta watu kuliko bango.

Siku yenyewe

Nje, unyevu wa bahari hutua juu ya mkeka jua linapoanza kushuka. Nusu saa kabla ya kuanza, watu wawili waukaushe kwa taulo kavu, na tena dakika tano kabla. Wachezaji wapashe moto miili saa moja kabla. Barafu iwepo, kilo mbili kutoka kwa wauza samaki, ndani ya kisanduku. Kifundo kikiteguka, ifunge kwenye leso na ukikande dakika 15 hadi 20, mguu umeinuliwa, barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Onyesho likiwa Likoni, jua kabla njia ya hospitali ya Mrima, kwa sababu kivuko kikiwa na foleni Hospitali Kuu ya Pwani iko mbali.

Malizeni kabla ya saa tatu na robo. Wanaovuka na wanaokwenda Kisauni wataanza kuangalia saa zao dakika ishirini kabla ya hapo, na mwisho wa kazi yenu utachezwa mbele ya migongo.

Kesho yake fungua sakafu kwa mpangilio. Kila ubao uandikwe nyuma kwa kalamu ya wino mzito: tabaka, safu, nafasi, na mshale wa upande wa mbele. Zilaze bapa juu ya vipande vya mbao vya sentimita 10, ndani, mbali na ukuta unaopata mvua. Zikiegemezwa ukutani zitapinda ndani ya mwezi mmoja, na warsha ijayo itafanyika juu ya saruji.